Siku Maryam Alipohitimu Teki

Ukindu uliolowekwa una harufu yake, ya majani mabichi yaliyokaa majini mpaka yakaanza kuchacha. Harufu hiyo ikinipiga puani, hata nikiwa sokoni Wete na haraka zangu, namsikia dada yangu Maryam akitaja maana za neno moja la Kiingereza. Watu wengine harufu za utotoni huwakumbusha biriani ya Idi. Mimi hunikumbusha neno take. Nimekuwa mwalimu wa Kiingereza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, nimelifundisha neno hilo mpaka limenichosha, na kila ninapoliandika ubaoni naiona baraza ya nyumba yetu Pujini. Mama amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, ukili wa kusukia mkeka unarefuka mikononi mwake. Maryam amekaa mbele yake, anayumba taratibu mbele na nyuma kama tulivyozoea chuoni kwenye Kurani, na anasoma.

Mwaka ule Maryam alikuwa anamaliza skuli ya kijijini. Kulikuwa na desturi ya wakubwa wa elimu kuja Chake Chake kuwasaili wasichana, na wachache waliofaulu walipelekwa dahalia Unguja, wakasome na kulala huko huko. Baba alikwishasema, wala hakuzunguka: Maryam akichaguliwa atakwenda, asipochaguliwa atakaa nyumbani asubiri mume. Mama hakubishana naye. Yeye mwenyewe aliozwa kabla hajajua anataka nini duniani. Mwalimu Haji, aliyetufundisha Kiingereza, akatuletea habari kwamba msichana mmoja wa mwaka uliotangulia aliulizwa maana ya take, akajibu kwamba ni kuchukua, kisha akanyamaza. Akaachwa. "Neno hili lina nyuso nyingi," alimwambia Maryam, "na wao wanataka uzijue zote." Akamnakilia kutoka kwenye kamusi lake, kila maana na neno mwenzake la Kiingereza, na Kiswahili chake pembeni, karatasi nzima mbele na nyuma.

Sasa tungejifunzaje? Sisi tulijua njia moja tu ya kulitia jambo kichwani, nayo ni ile ya chuoni. Unasoma kwa sauti, mkubwa anakusikiliza, ukikosea unarudishwa mwanzo. Mama herufi za Kizungu hakuzijua hata moja, alisoma za Kiarabu tu, lakini sikio lake lilikuwa kali kama la mwalimu yeyote wa chuo. Siku za mwanzo nilimshikia karatasi nikimsahihisha Maryam. Baada ya muda mama akaniambia niiweke, haihitajiki tena, kwa sababu mpangilio wote ulikwishamuingia kwa kusikia tu. Teki keri, kuchukua. Teki aksepti, kukubali. Teki swalo, kumeza dawa. Teki stili, kuiba. Zikafuata nyingine nyingi, mpaka ya mwisho kabisa, teki livu, kuaga. Maryam akiruka moja tu, mama hakuinua hata macho kutoka kwenye ukili wake. "Rudi mwanzo." Akimaliza bila kosa, alitikisa kichwa kukubali na kusema, "Haya, nenda kacheze." Wallahi nilikuwa nikiyangoja maneno hayo kama ninavyongoja adhana ya magharibi mwezi wa Ramadhani, maana hata mimi sikuruhusiwa kuondoka kabla dada hajamaliza.

Siku alipoweza kusoma zote pasi na kukwama, asubuhi, mchana na baada ya alasiri, mama aliona ile ni khitma, kama ya mtoto aliyehitimu Kurani. Akakoroga mkate wa kumimina, akaukata vipande, akanituma niwapelekee majirani. Bi Mize wa nyumba ya pili alipokea sahani, akaniuliza mtoto kahitimu juzuu gani. Nikamjibu kahitimu teki. "Alaa! Hiyo juzuu iko wapi, mbona sisi hatukuifikia?" akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini kabla sijatoka uani alinyoosha mikono akamuombea dua Maryam, dua ndefu, na akaimaliza kwa kumuombea na mwalimu wake. Sikumwambia kwamba mwalimu mwenyewe ni mama.

Siku ya usaili tulikwenda Chake watatu. Maryam aliingia ndani, mimi na mama tukakaa kwenye benchi chini ya dirisha lililo wazi, nami nilisikia kila kitu. Msaili alikuwa na sauti ya upole. Alimuuliza kitu kwa Kiingereza, sentensi fupi, na ndani yake lilikuwemo neno lile. Maryam akavuta pumzi. Akaanza. Teki keri, kuchukua, teki aksepti, kukubali, na mama pembeni yangu akaanza kutikisa kichwa, mkono wake umelishika buibui kwa nguvu. Dada alikuwa hajafika hata nusu pale yule bwana aliposema, "Inatosha, binti, inatosha," akamuuliza tena kitu kingine. Maryam, ambaye hajawahi katika maisha yake kuanza katikati ya somo, akarudi mwanzo. Mtu mwingine mle ndani akacheka, cheko la pua. Wakamkatiza tena. Mara hiyo hakurudi mwanzo tena.

Njiani kurudi mama alikuwa na hasira ambayo sijapata kuiona kwake, wala haikuwa juu ya Maryam. "Mtu yumo katika kusoma unamkatiza? Wamelelewa wapi hao?" Alirudia hivyo mpaka tulipofika nyumbani. Majina yalipotoka la Maryam halikuwemo. Alilia siku ile, kesho yake akaanza kusuka ukili pamoja na mama, na kabla mwaka haujaisha wakaja watu wa posa. Miaka kadhaa baadaye zamu yangu ilifika. Neno nililojifunza kwa kumsikiliza yeye lilinisaidia, na mimi nikaenda. Siku moja dahalia, nikiwa nimeinamia kitabu, ndipo sentensi ya yule bwana iliponijia nzima, nikaielewa. Alimuuliza tu kama safari ya kutoka kwao ilimchukua muda mrefu. Alikuwa anamkaribisha. Jibu lilikuwa "hapana, si mbali," basi. Nilifunga kitabu nikalia, na sijamwambia Maryam, kwa sababu sijui ingemfaa nini.

Siku hizi nimechoka, sikufichi. Wanafunzi wangu wakiulizwa maana ya neno wanaipata kwenye simu kabla sijamaliza kuliandika, na kengele ikilia imeshawatoka. Kwenye semina tunaambiwa tusiwakaririshe watoto, wafundishwe kuzungumza, nami nakubali kwa moyo wote, maana niliona kukariri kulivyomfanya dada yangu. Ila narudi nyumbani jioni, koo limenikauka, najiuliza kama kuna mmoja wao atakayebaki na kitu chochote kutoka kwangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Pujini. Mama amekuwa mtu wa kusahau. Ananiita kwa jina la marehemu dada yake, na chakula anakiulizia akiwa amekwishakula. Maryam ndiye anayemtunza, na wameketi baraza ile ile, ukindu umelowekwa pembeni. Binti wa mwisho wa Maryam, Rahma, alikuwa na kazi ya skuli. "Mamdogo, take ina maana gani? Bando limeniishia." Nikafungua mdomo, uvivu umenijaa, nikitaka kumwambia ni kuchukua, yaishe. Maryam akanitangulia. Hakuacha kusuka. Teki keri, kuchukua, teki aksepti, kukubali, teki stili, kuiba...

"Umeruka swalo," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, kavu, haina mchezo. "Rudi mwanzo."

Sote tulimtazama. Maryam akaweka ukili chini, akakaa vizuri, akarudi mwanzo. Alifika pale alipokatizwa Chake, akapita. Akaendelea moja baada ya moja, anayumba mbele na nyuma, Rahma ameduwaa na simu mkononi, mpaka akafika teki livu, kuaga. Mama akatikisa kichwa.

"Haya," akamwambia dada yangu mwenye kichwa kilichojaa mvi, "nenda kacheze."