Daktari Poni, Mbung'o na Sare za Buluu

Niliingia Juba nikiwa nimekaa juu ya magunia ya vitunguu. Nilikuwa nimetoka Kitale, nilikomaliza kidato cha nne, nikapita Malaba, nikalala Gulu, na pale Nimule lori letu likakwama mpaka nikawajua mbwa wa mji ule kwa sura. Wazazi wangu walikimbia nchi hii kabla sijazaliwa, kwa hiyo niliijua kwa masimulizi tu. Nilishuka mtaa wa Malakia na vumbi hadi kwenye kope. Nilidhani nitakaa kidogo kisha niendelee mbele, maana miguu yangu haijawahi kupenda kutulia. Nilikaa mpaka mvi za kwanza zikanitoka.

Kazi niliipata kwa kuwa nilikuwa na cheti na sikuogopa vichaka. Siku ya kwanza Daktari Poni alinipokea katika chumba cha bati nyuma ya wizara. Alikuwa mwanabiolojia pekee wa kitengo chetu cha wadudu waenezao magonjwa. Kama mimi, alilelewa ukimbizini, yeye huko Uganda, ila aliendelea na masomo akawa mtaalamu wa wadudu.

"Wani, unamjua mbung'o?"

"Ni inzi anayeuma, Daktari."

"Ni inzi anayelaza watu. Chukua hiyo mitego, twende."

Ninyi mnaoanza kazi leo mna simu zinazowaonyesha ramani. Sisi tulikuwa na vitambaa. Mbung'o hubeba kimelea cha malale, ugonjwa unaoanza na homa, ukaendelea kuwa usingizi wa mchana, na mgonjwa asipotibiwa hulala moja kwa moja. Bahati nzuri inzi huyu ana udhaifu wake: buluu humvuta kutoka mbali, na nyeusi humfanya atue. Kwa hiyo mtego wetu ulikuwa kitambaa cha buluu kilichoshonewa cheusi, juu yake chandarua chenye umbo la pia, na kileleni chupa. Akishatua hupanda kufuata mwanga, akaishia chupani. Tuliitundika kwenye vichaka vya kando ya mto, kuanzia nje ya mji hadi Rejaf.

Mkurugenzi wetu tulimwita Mudir, kama Juba inavyowaita wakubwa wote. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuchekesha ofisi.

"Daktari wa inzi amerudi!" alisema kila tulipoingia na matope. "Leo umewafunga wangapi? Wana wakili?"

Daktari Poni alicheka nao, akaenda kwenye hadubini yake.

Shida ilianzia kwenye shule moja ya Rejaf. Keji, binti wa mama aliyepika uji pale shuleni, alianza kusinzia darasani. Akaletwa hospitali Juba, wakamkuta na malale. Wiki hiyohiyo mwingine akaanza homa. Tukatundika mitego kwenye kijia chote kinachotoka mtoni hadi shuleni, nayo ikabaki mitupu. Tukaihamisha. Tukaweka mkojo wa ng'ombe uliochacha, ambao harufu yake humwita mbung'o. Bado mitupu.

"Daktari," Mudir akasema, safari hii bila kucheka, "watoto wanaugua na chupa zako hazina kitu. Kiangazi kikiisha hivi, kitengo nakifunga. Kalas, imekwisha."

Jumapili moja tukakuta chupa zote zimejaa. Jumatatu, siku ya shule, zikawa tupu. Daktari alikaa kwenye kisiki kando ya kijia akingoja, nami nikachuchumaa karibu naye. Watoto wakaja kutoka mtoni wakikimbizana, wavulana kwa wasichana, mashati ya buluu iliyokolea, chini kaptura na sketi nyeusi. Nyuma yao inzi walikuwa wanafuata.

"Wani," akaninong'oneza, "wamevaa mtego wetu."

Siku iliyofuata alitundika mashati mawili yaliyopakwa gundi: la sare, na jingine la manjano. Akamwita mwalimu mkuu, wazazi na Mudir mwenyewe. Kufikia mchana shati la buluu lilikuwa na mbung'o kuanzia kola hadi pindo. La manjano ungeweza kulivaa kanisani.

Mwalimu mkuu alikubali alichokiona, akatoa dawa yake mwenyewe. "Basi tuwashonee kaki."

"Kaki ni ya askari!" mzee mmoja akaruka. "Wanangu wasivae kaki. Sisi tumeona ya kutosha."

Watu wakaitikia kwa sauti moja, na hakuna aliyehitaji kueleza zaidi.

"Manjano, basi," Daktari akasema.

"Manjano?" mwalimu mkuu akauliza. "Daktari, hii ni shule. Watoto wangu si vifaranga!"

Wazazi wakacheka. Mudir naye akacheka, na nikaona jambo lote linatuponyoka. Ndipo mama yake Keji akasimama, mwiko wa uji ungali mkononi.

"Kifaranga asubuhi inaamka," akasema. "Mtoto yangu iko hospitali, mimi naita, yeye haamki. Nyinyi iko nacheka. Mimi nataka kifaranga."

Mwalimu mkuu alivua kofia yake. Muhula uliofuata kijia cha Rejaf kiling'aa kwa manjano, na mitego yetu ikajaa Jumatatu hadi Ijumaa. Keji alipona, akarudi darasani akiwa mmoja wa vifaranga.

Mudir alimpeleka Daktari kwa Waziri yeye mwenyewe. Nilikuwa mlangoni nimebeba mashati. Waziri alisikiliza, akaagiza shule zote za kando ya mto kule ziache buluu, kisha akamrushia swali jingine: samaki waliokuwa wanakufa karibu na Kator, nini kinawaua?

"Sijui bado, Mheshimiwa. Nipe wiki moja."

Waziri akamgeukia Mudir. "Wote hapa wananijibu papo hapo. Huyu ndiye ninayemtaka."

Hivyo ndivyo daktari wa inzi alivyokuwa Mshauri wa Sayansi. Aliulizwa juu ya maji, nzige, samaki, mbegu. Kila mara alienda kutazama kwanza, ndipo akasema. Mudir alimpisha mlangoni.

Mimi nilibaki na mitego, mwaka baada ya mwaka, mpaka mbung'o wa Rejaf wakawa adimu. Daktari alitaka kunipa meza wizarani.

"Meza nitaifanyia nini, Daktari? Haina kichaka."

"Nilijua utasema hivyo. Kule Maridi watu wanalia juu ya mbung'o."

Siku niliyoondoka Juba nisirudi tena, alikuja kituo cha malori kwa gari la serikali, amevaa gauni la mikutano. Nilikuwa nimeshapanda juu ya mizigo. Akashusha furushi la vitambaa, buluu na nyeusi, akakanyaga gurudumu akipanda kunipokeza.

"Mama, shuka!" utingo akapiga kelele. "Hiyo kazi iko ya vijana!"

"Mimi iko kijana," Mshauri wa serikali akajibu, na akapanda mpaka juu.