Kengele ya Stesheni Yetu

Bibi yangu wa Kwashemshi alikuwa na mbuzi jike, mweusi, mkaidi. Bibi alipohamia kwa mwanawe ng'ambo ya mto tulimswaga yule mbuzi, akaenda vizuri tu. Jioni hayupo. Tukamkuta kwenye zizi la zamani, amelala, anacheua. Ikawa ndiyo desturi yake mpaka tukamchinja, na nyama ile sikuipenda, ingawa niliila. Sijui kwa nini namkumbuka. Labda ni hili goti, siku hizi haliendi mbali, basi nakaa tu.

Nilitaka kusema habari ya stesheni yetu, huku bondeni Korogwe, ambayo sasa ni kuta na popo. Zamani garimoshi lilisimama pale, tukauza machungwa madirishani. Stesheni masta alikuwa mtu mzima, amefiwa na mke, hana mtoto. Stesheni ndiyo ilikuwa nyumba yake na watu wake. Garimoshi likikaribia aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mkwaju, nasi huko mashambani tulijitwika matenga tukakimbia.

Vikaja vijiji vya ujamaa. Tukahamishiwa barabarani, mbali na reli, na abiria wakaisha. Wakubwa wake wakamwambia pasipo abiria stesheni itafungwa. Yeye akasema watu watarudi, wapewe muda. Hata balozi wetu wa nyumba kumi alipokwenda kumwomba kile chuma, kiwe cha kutuita shamba la kijiji, alikitoa, ila akataka arudishiwe msimu wa machungwa.

Asubuhi ya kwanza kikagongwa kijijini. Wallahi, miguu haikuuliza. Tulijitwika matenga, mimi nimo, tukashika njia ya relini, balozi nyuma yetu anaita mpaka sauti inamkauka.

Masta alituona tumejaa njia nzima. Akavaa kofia, akafungua dirisha la tiketi.

Mama mmoja akatua tenga lake, anacheka kwa uchovu. "Shikamoo masta. Chuma chako kimetuponza. Tunatakiwa shambani."

"Marahaba. Kumbe hamsafiri?"

"Tusafiri twende wapi, baba?"

Akafunga dirisha polepole. Akatundika ufunguo kwenye msumari, akafuata reli kuelekea mjini, kofia mkononi. Tulidhani anakwenda kisimani. Hakurudi.