Paka wa Bibi Turan

Iraj Sotude hutengeneza miwani katika kichochoro kimoja cha Shiraz, nyuma ya hamamu ya zamani. Kwa miaka thelathini watu wamemsifu kwa jambo moja: hakisii. Akiletewa fremu iliyopinda huipima, huandika, kisha huipima tena. Kwa hiyo, baada ya sikukuu ya mwaka mpya, alipoanza kufikiria kufuga paka wa manyoya marefu, alilishughulikia jambo hilo vivyo hivyo. Aliandika maswali nyuma ya kalenda ya duka. Anachanwa mara ngapi kwa juma? Machozi yake yanafutwa kwa kitambaa gani? Joto la kiangazi atalistahimili vipi? Swali la mwisho alilipigia mstari: Shahin atasemaje?

Shahin, mkewe, alisema siku hiyo hiyo.

"Paka wa barabarani sawa, anakula anakwenda zake. Huyo unayemtaka wewe ni zulia linalotembea. Unywele wake mmoja ukinasa kwenye shuka langu la sala, sala imekwenda."

"Nitafagia mimi."

"Wewe? Soksi zako tangu juzi ziko chini ya meza ya samovari ya chai."

Iraj alimwambia kwamba paka huzuia panya. Nyumba yao haikuwa na panya. Ilichokuwa nacho ni chumba cha Mahnush, binti yao, aliyeolewa Tabriz tangu vuli, na jioni ambazo mume na mke walimaliza kula kabla ya kupata la kuzungumza. Hilo Iraj hakulitaja, na Shahin hakuhitaji kutajiwa.

"Nenda kwa Bibi Turan," alisema mwishowe. "Ukimwona anavyohangaika na yule paka wake, utapona."

Bibi Turan Mokhtari alikuwa mkunga, na nusu ya vijana wa mtaa ule walizaliwa mikononi mwake, Mahnush akiwamo. Ana miaka sabini na sita na anaishi peke yake na Pashmak, paka wa rangi ya moshi, uso bapa, manyoya yanayoburuzika sakafuni, aliyepewa jina la ile peremende ya nyuzi nyuzi inayoyeyuka mdomoni.

Iraj alikwenda siku ya Jumatano, na kalenda yake mfukoni. Bibi alimjibu swali baada ya swali huku akichana. Kila siku, si kila juma. Tumbo kwanza, kwa sababu mafundo huanzia huko. Maji ya uvuguvugu kwa macho. Kisha akamweka paka magotini mwa Iraj, na paka akakunja miguu yake, akalala.

"Bibi, sijawahi kuona kiumbe mzuri namna hii," alisema Iraj.

"Ni wako. Mchukue."

Desturi ya Shiraz ni hii: mtu akisifu kitu ndani ya nyumba ya watu, mwenye nyumba humpa, naye hukataa. Hupewa tena, hukataa. Hupewa mara ya tatu, hukataa, kisha chai humiminwa na kitu kinabaki pale kilipokuwa. Mtoto wa miaka saba anayajua haya.

"Hasha, Bibi. Anakupendeza wewe mwenyewe."

"Nasema kweli, mwanangu. Kwako atapata bustani. Hapa ana nini? Kikongwe na redio."

"Ahsante, mkono wako usiume, Bibi. Siwezi."

"Mchukue, Iraj. Utanifurahisha."

Hapo palikuwa na nafasi ya neno moja. Paka alikuwa akinguruma kwa raha, na mngurumo ule Iraj aliusikia hadi kwenye mifupa ya mapaja. Akampapasa mgongoni. Kisha akasema, "Basi, ukisema hivyo, Bibi…"

Mkono wa Bibi Turan ulikuwa umeshafika kwenye buli. Ukabaki pale pale. Halafu akainuka, akaleta kapu, akatia kitana, bakuli na kitambaa cha macho.

"Shingo za kuku," alisema. "Zilizochemshwa. Usitie chumvi."

Nyumbani, Shahin alilitazama kapu kabla ya kumtazama mumewe.

"Umemnunua?"

"Bibi Turan amenipa."

"Alikupa mara ngapi?"

"Tatu."

"Na wewe ulikataa mara ngapi?"

Iraj akavua miwani yake, akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Iraj. Mara ngapi?"

"Mbili."

Shahin akaketi. "Yule mama alimpokea Mahnush kwa mikono yake," alisema. "Ee Mungu, tuna uso gani sisi."

Baadaye Iraj alijaribu kujiambia kwamba alisahau. Haikuwezekana. Mtu anayepima kioo mpaka nusu ya milimita hapotezi hesabu ya tatu.

Wala kumrudisha paka halikuwa jambo jepesi. Kumrudisha ni kumwambia Bibi kwamba alichosema kilikuwa maneno matupu, na mtaa mzima ungejua kwamba alimpa mtu kitu huku roho ikimuuma. Shahin alijitolea kubeba lawama. "Sema ni mimi. Sema sala yangu." Iraj karibu akubali. Usiku ule paka hakula. Kesho yake alikaa mbele ya mlango wa nje, uso kwenye ufa, akawa kama kitambaa kilichosahaulika hapo.

Ijumaa asubuhi Iraj alikwenda kununua shingo za kuku. Mbele yake kwenye foleni alisimama Bibi Turan, na kwenye shuka jeusi alilojitanda, begani, palikuwa na unywele mrefu wa rangi ya moshi.

"Za kawaida, Bibi?" aliuliza muuzaji, na shingo zilikuwa tayari mkononi.

"Za ka…" Bibi akasita. "Hapana. Nipe paja moja tu leo."

"Mtoto amechoka na shingo? Amekuwa bwana mkubwa!"

"Amekuwa bwana mkubwa," alisema Bibi Turan, akacheka inavyopasa, akageuka na kumwona Iraj. "Aa, mwanangu! Hajambo kwenu? Anakula?"

"Anakula, Bibi," alisema Iraj.

Alirudi nyumbani mikono mitupu na kumtia paka kapuni. Shahin alimfungulia mlango. Njiani alizipitia sababu zote: joto, manyoya, sala ya mkewe. Kila moja ingefaa, na kila moja ingemwacha yeye akiwa safi.

"Karibu, nyumba ni yako," alisema Bibi Turan mlangoni.

"Bibi, siku ile nilikataa mara mbili."

Bibi alilitazama kapu. "Nani anahesabu mambo hayo siku hizi?"

"Nilihesabu."

"Kilichotolewa kimetolewa. Mrudishe kwake."

"Kwake ni hapa."

"Iraj, utanitia aibu."

"Aibu ni yangu, Bibi. Niachie."

Aliweka kapu kizingitini, akafungua kifuniko. Pashmak alitoka polepole, akampita Bibi Turan, akaingia chini ya meza ya samovari, na hakutoka huko. Bibi alimkaribisha Iraj chai. Alikataa. Akamkaribisha tena, akakataa, na mara ya tatu akakataa, kisha mlango ukafungwa taratibu, bila chuki.

Hadi leo Iraj hutengeneza miwani ya Bibi Turan, na humpelekea mwenyewe nyumbani. Hupokewa vizuri: chai, tende, habari za Mahnush. Lakini siku hizo mlango wa chumba cha ndani huwa umefungwa, na nyuma yake hutoka sauti ya kucha za Pashmak zikikwaruza ubao. Bibi huongeza sauti ya redio. Iraj hunywa chai yake akitazama sakafu, wala hasifu kitu chochote cha nyumba ile, hata chai.