Neno la Oliva lililowageuza wabangua korosho kuwa wezi

Songea. Saa tatu kasoro asubuhi, Oliva Mbawala ana sentensi moja tu ya kuandika, na imemtoa jasho.

Wateja wawili waliokuja kutoa kopi za vyeti amewaambia wasubiri. Kwenye kompyuta, ndani ya steshenari yake ndogo Mfaranyaki, amechapa "Although", akafuta. Amechapa "Despite", akafuta. Sasa ananong'ona "Nevertheless" huku akiuma kucha.

"Haya maneno ni kama mapacha. Sasa mwite Kulwa kwa jina la Doto uone atakavyonuna!" anasema.

Oliva, 31, mzaliwa wa Peramiho, ni mchapaji. Kwa miaka minane amewaandikia watu barua za Kiingereza, kuanzia maombi ya kazi hadi barua za vikundi kwa wafadhili. Siku njema hupata barua sita, kila moja Sh3,000. Kiingereza chake kidato cha nne kilikuwa D, na wala hafichi.

"Nimejifunzia kwenye barua za watu," anasema na kucheka.

Wiki iliyopita, barua moja ilimtoa nishai.

Ilikuwa ya wanawake 24 wa Nakapanya, wilayani Tunduru, wanaobangua korosho kwa mkono. Mafuta ya maganda huwababua vidole mpaka kushika kijiko ni kazi. Waliomba mashine kwa shirika moja la Ulaya.

Katika rasimu yao ya Kiswahili waliandika: "Pamoja na wizi uliotokea ghalani, kikundi kilifikisha mzigo wote kwa mnunuzi." Hapo kila Mtanzania anaelewa kwamba waliibiwa, ila hawakukwama. Oliva alipoona "pamoja na", mkono ukakimbilia "In addition to". Loo! Kwa Kiingereza ikasomeka kwamba kikundi kiliiba, na juu ya wizi huo kikafikisha mzigo.

Shirika likauliza, kwa adabu zote, kama wizi ni sehemu ya shughuli za kikundi. Majibu yafike Ijumaa kabla ya saa sita mchana, la sivyo ombi litafungwa.

Ijumaa yenyewe ndiyo leo. Mwenyekiti wa kikundi, Sharifa Muhsini, 54, aliyefika kwa basi jana jioni, ameketi kwenye stuli nyuma ya Oliva.

"Nilipanda basi kuja kumgombeza," Sharifa anamsimulia mwandishi wa makala haya. "Kaniamkia shikamoo macho chini. Nikamuuliza, mwanangu, umetutangaza wezi mpaka Ulaya? Kumbe tangu asubuhi hajala kwa aibu. Astaghfirullah, hasira zikaniisha, nikamwambia kula kwanza."

Kwa nini wasimtafute mwalimu? Oliva anakataa katakata.

"Nimeharibu mimi, nitatengeneza mimi."

Anaeleza kwamba "Despite" hufuatwa na jina tu, kama wizi au mvua. "Although" hudai sentensi nzima, yenye mtenda na tendo. "Nevertheless" husubiri nukta kwanza, ndipo ianze safari yake.

Ghafla anaruka kutoka kitini.

"'Despite the theft' ni sahihi kabisa, lakini haisemi nani kaiba! Tutabaki tunashukiwa vilevile. 'Although' inanilazimisha nimtaje mwizi!"

Anachapa kwa kasi: "Although thieves broke into our store, we delivered every sack." Sharifa anataka aisikie kwa Kiswahili.

"Ingawa wezi walivunja ghala letu, tulifikisha kila gunia."

"Hapo! Hapo hapo, mwanangu! Wallahi ndivyo ilivyokuwa!"

Barua pepe inaondoka saa nne na dakika kumi. Kopi zinatolewa, lakini wateja nao wamegoma kuondoka, wanataka kujua mwisho wake.

Saa tano na nusu jibu linaingia. Oliva analisoma kimya, kisha anapiga kelele ambayo fundi cherehani wa jirani anaikimbilia akidhani kuna moto. Shirika limeridhika! Wakaguzi watafika Nakapanya mwezi ujao, na kikundi kitafute mtu wa kuwatafsiria wageni.

"Mtu si huyu hapa," anasema Sharifa, akimshika bega.

"Mama, mimi? Mimi niliyewaita wezi?"

"Wewe. Huyo mwingine makosa yake siyajui bado."

Oliva anafuta machozi kwa kiganja, anacheka, anafuta tena. Novemba atarudia mtihani wa Kiingereza, ada ameshalipa. Lakini mwezi ujao atafunga duka siku tatu, aende Nakapanya kwa mara ya kwanza maishani.

"Nitafika siku moja kabla ya wageni," anasema. "Nataka kuwaomba radhi wale akina mama 24, mmoja mmoja, nikiwa nimewashika mikono."