Jina la Faridi Lilipokuwa Likitembea Mjini

Kule Buyenzi, mtaa wa Waislamu, avenue ya saba, mtu aliyetakiwa kusema alizaliwa lini hakuhangaika kupekua masanduku. Alikwenda kwa Mwanvua Ramazani. Mama huyu alisoma hadi mwaka wa nne wa shule ya msingi, akaachishwa ili alee wadogo zake, lakini kichwa chake hakikuacha kitu. Alijua nani alizaliwa mwaka ule ziwa lilipopanda hadi barabarani, nani alitahiriwa pamoja na nani, na bibi wa nani alitoka Ujiji na nguo moja mwilini. Na alijua kwamba anajua. Ukimkosoa, alikutazama tu mpaka ukajikosoa mwenyewe.

Mwaka wa 1995, mwanawe Faridi, fundi wa magari, aliaga asubuhi akaenda mtaa wa Kinama kutengeneza lori lililokwama. Siku hiyohiyo mtaa ule ukazungukwa na askari, risasi zikalia mpaka jioni. Siku ya nne lori lilirudi likivutwa. Faridi hakurudi.

Mwanvua na binti yake Sumaya walizunguka hospitali, wakazunguka magereza, wakafunuliwa mashuka ya maiti mpaka macho yakachoka kuona. Hakuwapo kati ya wazima, hakuwapo kati ya wafu. Ndipo wakasikia kwamba komite moja ya watu wa dini inabandika majina ya waliopotea kwenye ukuta, nje ya ofisi ya vitambulisho mjini.

Wengine waliandikisha jina na umri, wakaenda kulia kwao. Mwanvua aliketi mbele ya mwandishi, akaweka kanga yake vizuri, akaanza. Faridi Seifu. Baba, Seifu Juma. Mama, Mwanvua Ramazani, avenue ya saba. Mwaka aliozaliwa na siku yake. Bibi zake wawili na walikotoka. Shule aliyosoma, mwalimu aliyemfundisha, mzee aliyemtahiri. Hata namba ya kitambulisho aliitoa kichwani, tarakimu baada ya tarakimu.

"Mama, inatosha," mwandishi alisema. "Ukuta wenyewe ni mudogo."

"We andika. Akina Faridi wako wengi mu huu muji. Wa kwangu ni mmoja."

Karatasi mbili zikabandikwa, moja chini ya nyingine. Picha haikuwapo, kwa sababu picha ya pekee ilikuwa kwenye kitambulisho alichoondoka nacho Faridi. Mwanvua alirudi nyumbani kifua mbele. Katika ukuta mzima, hakuna mtoto aliyeandikwa vizuri kama wake.

Miezi ikapita. Siku moja Consolate, jirani yake, mpiga chapa katika ofisi ileile, alimsimamisha njiani.

"Mama Faridi! Kumbe uko na roho ya uchoyo hivi? Mutoto anarudi, hata andazi moja hutuletei?"

"Mutoto gani?"

"Faridi! Alikuja kuomba kitambulisho kipya. Mi nilikuwa mugonjwa, mwenzangu ndiye alimupokea. Aliulizwa yote, akajibu bila kukwama. Kwenye orodha tumeshamufuta, Mungu asifiwe!"

Mwanvua alimwacha palepale. Alikwenda nyumbani mbio, yeye ambaye hajawahi kuonekana akikimbia. Akafagia chumba cha mwanawe, akapika wali na samaki wa mukeke, akaketi akiutazama mlango. Siku ya kwanza alisema, anaona haya. Siku ya pili alisema, mateso yamemsahaulisha njia. Siku ya tatu Sumaya aliwamwagia kuku wa majirani wali ule.

Kisha akaja Massoudi, baharia wa boti za Kigoma. "Mama, nimesikia Faridi akiitwa bandarini, kwenye majina ya wapagazi. Akaitika 'Prezan!', kwamba yuko. Sura sikuiona, mifuko ilikuwa imenifunika."

Tangu hapo Mwanvua hakutulia. Akiswali, alisikia mtu akivua viatu nyuma yake. Akigeuka, hakuna viatu. Jina la mwanawe lilikuwa linatembea mjini, linabeba mifuko, linaitika, ila halikuja nyumbani kula.

Asubuhi ya Jumatatu alikuwa bandarini kabla ya msimamizi. Majina yakasomwa.

"Faridi Seifu!"

"Prezan!"

Sauti haikuwa yake. Aliyeinua mkono alikuwa mfupi, mpana wa mabega, amevaa kofia ya Kiislamu iliyomkaa kama kifuniko cha sufuria ya jirani. Getini walisimama askari wenye bunduki. Mwanvua alifunga mdomo kwa upindo wa kanga, akasubiri mpaka saa sita, wapagazi walipoketi kula. Akaenda akaketi karibu na yule mtu.

"Mama yako ni nani?"

Yule mtu hakuinua hata macho. "Mwanvua Ramazani, avenue ya saba. Baba, Seifu Juma. Bibi mzaa mama alitoka Ujiji." Akaendelea: shule, mwalimu, mzee wa kutahiri, namba. Kwa mpangilio uleule, kwa maneno yaleyale, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesoma sura aliyoihifadhi. Mwanvua alikuwa anasikia kinywa chake mwenyewe kikisema ndani ya kinywa cha mtu asiyemjua.

"Mwanvua ni mimi," alisema.

Mkono uliobeba tonge ukabaki hewani.

"Na Muislamu hali kwa mukono wa kushoto," akaongeza. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna, mama. Nilitazama wengine tu." Akahamishia tonge mkono wa kulia. "Mi naitwa Jovithe. Natoka Kinama. Karatasi yangu imeandikwa Kinama, bariyeri ya kwanza tu ya askari niko maiti. Wakiona kofia ya mutu wa Buyenzi, wanamuachilia. Nilisoma ule ukuta wote, mama. Wengine walikuwa jina tu. Wa kwako ndiye alikuwa kamili."

"Ulimuona?"

"Apana."

"Hata maiti yake?"

"Apana, mama. Sijamuona hata siku moja."

Mwanvua alitazama ziwa, hakuliona. Alikuwa anamwona Faridi katika shimo la gereza fulani, akitaja jina lake, na mtu akifungua daftari na kumwambia: muongo wewe, Faridi Seifu yuko bandarini, anabeba mifuko. Hakuna anayemtafuta tena. Amefutwa.

"Umemufungia mwanangu mulango," alisema polepole. "Nikinyamaza, hata akiwa hai hatarudi. Nikisema, wale pale getini hawakuachi umalize hicho chakula."

"Najua, mama."

Kofi lilikuwa mkononi, lakini halikutoka. Yule aliyempa huyu mtu jina la Faridi, na baba yake, na bibi zake, alikuwa ni yeye mwenyewe.

"Alhamisi boti ya Massoudi inaenda Kigoma," alisema. "Vuka na jina lake. Ukikanyaga ng'ambo, sema jina mama yako alikupa. Kitambulisho umupe Massoudi, kirudi mukononi mwangu. Usipokirudisha, Jovithe, mi nakumbuka sura."

Kilirudi siku ya kumi na moja, kimefungwa ndani ya karatasi ya sukari. Jina la Faridi, uso wa mwingine. Mwanvua alikipeleka kwa Consolate. Consolate alitazama picha, akatazama mlango, akakikata vipandevipande bila kuuliza, kisha akarudisha jina katika orodha ya waliopotea.

"Tuandike kama mara ya kwanza?"

"Apana. Jina na siku alipotea, basi. Anayesema ni yeye, aletwe kwangu. Niko na swali moja."

Swali lenyewe hakumwambia mtu, hata Sumaya. Katika miaka iliyofuata waliletwa wanaume wawili. Wa kwanza alitaja baba na mama, swali likamshinda. Wa pili alilia kabla hajaulizwa, na Mwanvua karibu amkumbatie, kwa jinsi mabega yake yalivyofanana na ya Faridi. Akauliza hata hivyo. Yule naye hakujua. Kila mmoja alipewa chai, akasindikizwa mpaka mwisho wa avenue.

Mwaka wa 2004, mazungumzo ya amani yakiwa redioni kila siku, komite ilimtuma msichana aitwaye Danielle, amebeba kwapani kompyuta ndogo waliyoiita ordinateri.

"Bibi, orodha inaingia mu internet. Hata mutu wa Canada ataisoma. Wanasema we unakumbuka yote, niambie yote."

"Huyo wa Canada mi namujua?"

Danielle akacheka. "Apana, bibi."

"Basi andika: Faridi Seifu, alipotea Kinama, 1995. Funga hapo."

"Jina la mama? Mwaka wa kuzaliwa? Namba ya kitambulisho?"

"Hivyo vyote ndivyo mutu alivaa akawa mwanangu. Mara moja inatosha."

Danielle aliandika, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na akirudi siku we haupo, bibi? Nani atamuuliza hilo swali?"

Mwanvua alikitazama kioo cha ordinateri mpaka kikazima chenyewe. Kisha akamwomba msichana atoke kidogo, akafunga mlango, akamwita Sumaya aliyekuwa akimimina chai. Akamvuta karibu, akaweka mdomo sikioni mwake, akamwambia swali, kisha jibu.

Sumaya alirudi nyuma, macho yamemjaa maji. "Hilo tu, mama?"

"Hilo tu. Rudia. Pole pole, ukuta uko na masikio."

Sumaya alirudia mara tatu. Ya tatu hakukosea hata neno, na Mwanvua akaenda kumfungulia Danielle.