Kopo la Madame Lin Chini ya Vitenge

Marcelline hakupenda kuambiwa jambo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ameshasikia; ya pili alihesabu kuwa ni matusi. Ndiyo maana Madame Lin, mwenye duka la dawa za Kichina pale Cyrildene, mtaa wa Wachina jijini Johannesburg, alimpenda. Kwa miaka kadhaa Marcelline alikuwa akimfagilia duka, akimfungashia dawa, na baadaye akimchagulia hata ejiao.

Ejiao ni jelatini ya ngozi ya punda. Ngozi huchemshwa weee mpaka iwe vipande vyeusi kama sabuni ya mche iliyosahaulika juani, na Wachina humyeyushia mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, ili damu imrudie. Kipande cha kweli ukikiinua kwenye mwanga, kingo zake zinaonyesha rangi ya chai. Ukikigonga mezani kinalia kama kigae, na ukikivunja kinakatika pa! bila kupinda. Kinachonata kidoleni ni takataka. Kama bado una shaka, kitie maji ya moto unuse, maana moto hauna siri.

Mvua za Desemba 2017 zilipoifumua dari ya duka, Madame Lin alimkabidhi kopo la bati. Ndani yake mlikuwa na ejiao ya marehemu mama yake, iliyotunzwa tangu zamani, kwa sababu iliyokaa ndiyo bora. Ilikuwa ikimngoja Mei, binti yake wa pekee, siku atakapozaa.

"Masi, peleka kwako," alisema, maana Marcelline lilimshinda ulimi, akinyoosha vidole vitatu. "Pakavu. Giza. Hakuna joto."

"Nimesikia, Madame."

Kwake kulikuwa mtaa wa Bellevue, chumba kimoja katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, alichokaa na Orpha, msusi, mtu wa kwao Uvira, Kongo. Orpha aliliona kopo akaanza.

"Mama Elisée, kumbe leo tunalala na punda?"

"Wewe lala na mdomo umefungwa, punda atatulia."

Marcelline alizunguka chumba kizima kwa macho. Juu ya kabati kulikuwa na joto la paa la bati. Dirishani palikuwa na jua, na jikoni walipika watu wa vyumba vinne. Palibaki mahali pamoja tu: lile sanduku kubwa chini ya kitanda, lenye vitenge vya waksi alivyokuwa akimwekea binti yake Elisée kwa siku ya ndoa. Pakavu, giza, hakuna joto. Alilizika kopo katikati ya vitenge na kufunga kufuli. Hakuna kitu cha thamani katika nyumba hiyo kilichowahi kulala mahali pengine.

Mei alijifungua mtoto wa kiume mwezi uliofuata. Madame Lin alipiga simu akicheka na kulia: lete kopo kesho kutwa. Marcelline akavuta sanduku, akafungua kopo aone kama vipande viko salama.

Harufu ilimpiga usoni kama kofi.

Ilikuwa naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Alikuwa ameviweka mwenyewe kila pembe ya sanduku, kama mama yake, kama kila mwanamke anayejua thamani ya kitenge. Kwa pua yake hiyo ilikuwa harufu ya harusi na Krismasi; kwenye vitenge hakuisikia tena. Kopo kuukuu lenye mfuniko uliolegea lilikuwa limeinywa yote.

"Eish," Orpha alinong'ona, mkono mdomoni. "Mama Elisée, umefanya nini?"

"Atanifukuza. Ejiao ya mama yake! Atanifukuza leo hii."

"Nani atamwambia? Tandaza kwenye upepo. Itatoka."

Wakavitandaza kwenye ungo karibu na dirisha, nyuma ya pazia. Siku ya kupeleka, harufu ilikuwa imefifia, au labda pua zao ndizo zilizochoka. Marcelline akaamua kuwa imekwisha. Alihitaji iwe imekwisha.

Dukani, kati ya mizizi, maganda na magome yanayonuka kila moja kivyake, Madame Lin hakusikia lolote. Aliinua kipande kwenye taa, akakiona kinang'aa rangi ya chai, akamshika Marcelline mkono. "Masi mzuri. Umetunza." Mei alikuwa chumba cha nyuma, amelala, mtoto akinyonya. Madame Lin akatwanga, akatia mvinyo wa mchele na tende, akaweka bakuli kwenye mvuke.

Marcelline alisimama mlangoni na ufagio, hafagii. Mvuke ukapanda. Kwanza mvinyo, kisha tende. Kisha ile nyingine ikaja nyuma yao, nyembamba, kali, ile ile ya sandukuni. Madame Lin tayari alikuwa amebeba bakuli kwenda kwa Mei, na Mei amenyoosha mikono.

"Asinywe!" Marcelline alipiga kelele kwa Kiswahili, ufagio ukaanguka, akaligonga bakuli kwa kiganja. Likapasuka sakafuni. Mtoto akalia. Madame Lin akabaki mikono hewani, amekodoa macho.

"Ni sumu. Sumu ya nondo," Marcelline alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Niliweka na nguo. Nilinusa, nikanyamaza. Mimi."

Madame Lin aliinama, akachovya kidole, akakinusa. Uso wake uliishiwa rangi. Alimtazama mjukuu, akalitazama kopo la mama yake, akaketi palepale sakafuni kwenye unyevu, kama mtu aliyesukumwa.



Alisema, bila kuinua kichwa: "Nenda rafuni. Chagua nyingine."

Marcelline alichagua. Aligonga, akainua kwenye taa, akavunja, akanusa, akanusa tena. Akatwanga na kupika. Alipoleta bakuli, Madame Lin alikuwa amesimama mbele ya kitanda cha Mei, amekinga njia.

"Kunywa wewe kwanza," alisema.

Marcelline akanywa. Madame Lin hakuondoka njiani, alibaki akimtazama mdomo, kama anayengoja sumu ionekane.