Kamera ya Kumshuhudia Tewa

Wanaotafuta kamera ya kwenda nayo baharini huuliza mambo yale yale: bei gani, ikiingia maji itakuwaje, betri inadumu kiasi gani. Mpwa wangu aliniuliza hayo juzi, huku akinionyesha kwenye simu yake kamera za dijitali za bei nafuu za safari za uvuvi. Nikamwambia ameacha swali moja. Hakulijua, na si kosa lake. Hata baba yangu, ambaye kwa mambo ya uvuvi hakuwa na mchezo, hakulijua mpaka alipokwisha kulipa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kwetu Timbwani. Baba alikuwa amestaafu kazi ya bandarini na, kwa maneno ya mama, kuhamia ngalawani. Alivua samaki waitwao tewa, kwa mshipi, kwenye mwamba mmoja aliouita wake, kwa maana kwamba hakuna mwingine aliyejua ulipo. Mwamba wa chini ya maji hauonekani. Mvuvi huujua kwa kutazama nchi kavu: kitu fulani kikikaa sawasawa juu ya kitu fulani, na upande wa pili vitu vingine viwili vikipangana, basi ni hapo, tia nanga. Alama hizo baba alipewa na babake, naye angenipa mimi, mwanawe wa kiume wa pekee, "wakati wake ukifika."

Nilikuwa nimekwisha kuajiriwa ukarani mjini, nimekwisha kuposa, na ndevu nanyoa, lakini wakati wangu ulikuwa bado. Kila tulipoukaribia mwamba baba alinipa kopo la kutolea maji ngalawani na kuniambia, "Fua maji." Nikainama kufua maji hata siku ambazo ngalawa ilikuwa kavu kama mkeka wa sebuleni. Nikiinua kichwa, nanga iko chini. "Siri ya mtungi aijuaye kata," baba alipenda kusema, na mimi niliyeshika kopo nikawa sijui lolote. Nilizitaka alama zile kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho. Nyumba angewaachia dada zangu na nisingenuna.

Shida ya siri ni kwamba haina mashahidi. Jirani yetu, rika la baba na mvuvi kama yeye, hakuamini kwamba tewa wakubwa namna ile wanatoka kwa mshipi wa mzee mmoja na karani wake. Kila jioni baada ya swala ya alasiri, barazani, alimpokea baba kwa swali lile lile.

"Yakhe, tewa wa leo umemvua kwenye friji gani?"

Watu wakacheka. Siku moja alimwinamia samaki akamnusa mkia, akainuka taratibu kama daktari. "Wallahi huyu ana baridi ya barafu bado. Mjini wamekuuzia kilo ngapi?"

Baba aliudhika kuliko nilivyowahi kumwona. Mtu angemwambia hajui kusali, angevumilia, maana hilo Mungu mwenyewe analijua. Lakini kuambiwa samaki wako ni wa kununua! Usiku ule hakula. Asubuhi akavaa kanzu yake ya Idi na kofia, akaniambia tuvuke feri twende mjini tukanunue kamera.

Duka lilikuwa la kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani, mwenye adabu ya kuuza. Alimwamkia baba shikamoo, akamvutia kiti, akauliza habari za nyumbani zote kabla ya kuuliza shida yetu. Baba akaeleza masharti yake: bei isizidi ya samaki mwenyewe, isiwe na mambo mengi, na katika picha ionekane wazi kwamba aliyeshika samaki yuko baharini, si sokoni.

Kwanza akaletewa kamera nzito, ya mtumba lakini ya maana. Kijana akatoa na picha iliyopigwa nayo: bibi harusi, kila uzi wa shela unahesabika, na nyuma yake ukungu mtupu. "Hii ndiyo kazi ya kamera nzuri, mzee. Yamtoa mtu, ya nyuma yayafifisha."

Baba akaisogeza picha karibu, kisha mbali. "Na huyu yuko wapi?"

"Yuko bustanini."

"Bustani iko wapi? Hapa mtu ataniambia nimesimama mbele ya pazia. Ondoa."

Ya pili ilikuwa ajabu ya dukani, imewekwa kwenye kabati la kioo peke yake: kamera ya dijitali. Bei yake ingetununulia ngalawa ya pili na nanga zake. Kijana aliitoa kwa heshima tu, akijua hatununui.

"Hii haitumii filamu, mzee."

"Sasa picha yakaa wapi?"

"Humu humu ndani. Kisha waitia kwenye kompyuta waitazama. Ukitaka, waweza hata kuondoa kitu usichokipenda, au kuongeza."

Baba alirudi nyuma hatua nzima. "Kuongeza? Hata samaki?"

"Hata samaki."

"Astaghfirullah. Jirani yangu asisikie kwamba kuna kitu kama hiki duniani."

Ya tatu ilikuwa ya plastiki, nyepesi, haina hata pa kuzungusha kioo. Kijana aliomba radhi kabla ya kuitia mkononi mwa baba. "Hii ni ya bei rahisi, sikufichi. Haijui kuchagua. Mbele na nyuma, vyote vyatoka sawa." Akatoa picha ya mfano: mtoto kwenye baiskeli, na nyuma yake mtaa mzima, mpaka kibao cha duka la mbali kinasomeka.

Baba alikisoma kibao kile kwa sauti, akafurahi kama aliyeokota pesa. "Hii ndiyo. Kizuri chajiuza." Mimi, karani, niliyejiona najua mambo, niliunga mkono. Nilisema tunataka ukweli, na ukweli ni vyote vitoke.

Jumamosi tukaenda na kamera ndani ya mkebe wa samli, umefungwa kwa mfuko wa nailoni na mpira wa baiskeli. Tulipokaribia mwamba nikapewa kopo langu, nikafua maji yasiyokuwepo. Haikuchukua muda mshipi wa baba ukakaza, na kwa kuvutana na kubembelezana akapanda tewa mweusi, mdomo wazi, mzito hata ngalawa ikainama kumtazama.

"Toa kamera!"

Nikaitoa. Baba alikaa tezi, nyuma kabisa ya ngalawa, mgongo wake umeelekea nchi kavu. Kwanza alimshika tewa kifuani kama mtoto wa kupelekwa kliniki. Hakuridhika. Akanyoosha mikono, akamleta samaki karibu na kamera, maana aliwahi kusikia kwamba kilicho karibu hutoka kikubwa. Kisha akajiinamisha pembeni asimzibe. Kwenye kidirisha cha kamera tewa alijaa kama jahazi, uso wa baba ukabanwa pembeni na tabasamu lake lote, na katikati pakabaki pawazi. Nikabonyeza.

"Tumetoka wote?" akauliza.

"Wote, baba."

Filamu ilibaki na nafasi nyingi, na baba hakutaka kupoteza hata moja. Ikabidi tungoje akika ya binamu, na harusi ya Mtongwe, na mbuzi wa mama aliyezaa mapacha. Ndipo tukapeleka kusafisha, na ile ya tewa tukaikuza, tukaitia fremu, tukaitundika sebuleni mkabala na mlango. Mtu akivua viatu anaamkiwa na tewa kabla ya kuamkiwa na sisi.

Baba akaalika baraza zima kwa kahawa na kaimati. Watu wakamsifu samaki, wakamsifu baba, wakaomba radhi kwa niaba ya jirani. Yeye mwenyewe hakumtazama tewa hata kidogo. Alihamisha kiti, akainua miwani, akatazama pale katikati palipobaki pawazi.

"Picha safi," akasema mwishowe. "Hata msikiti umetoka."

"Kamera ya kweli hiyo," baba akamjibu kwa kishindo. "Mbele na nyuma!"

Kesho yake jirani alirudi. Na keshokutwa. Akikaa kiti kile kile, kikombe mkononi, macho ukutani. Baba aliona mtu anatubu taratibu, akamwongezea sukari. Mama peke yake ndiye aliyeshangaa. "Huyu chai yetu ameipendea nini? Mwaka wa ngapi haijawahi kumkalisha."

Jumamosi iliyofuata tukatoka mapema. Bahari ilikuwa shwari. Baba akiimba kwa pua, jambo alilolifanya akiwa na raha tu. "Fua maji," akaniambia, nikainama na kopo langu. Nikasikia kuimba kumekoma, na kafi lake limeacha kupiga maji. Nikangoja kuambiwa. Sikuambiwa. Nikainua kichwa.

Pale mwambani zilikuwa ngalawa tatu. Ya jirani, ya shemeji yake, na nyingine ya watu tuliozoea kuwaona barazani. Jirani alikuwa anavuta mshipi. Akatoa tewa, akamwinua juu kwa mikono miwili tuweze kumwona vizuri.

"Mzee mwenzangu!" akapiga kelele, na uso wake haukuwa na kejeli hata chembe. "Nimekuamini! Wallahi nimekuamini! Si wa barafu!"

Baba akalaza kafi magotini. Kisha adabu yake ikaishinda hasira, kama ilivyoishinda siku zote. "Alhamdulillahi," akajibu. "Mwapata?"

"Twapata, kwa baraka zako!"

Nilitaka kulia, na nilitaka kumpiga mtu kafi, na sikujua ni nani. Nikainama tena, nikaendelea kukwangua ubao mkavu kwa kopo, maana sikuweza kumtazama baba.

"Acha kufua maji," akasema. "Inuka. Keti hapa."

Nikaketi karibu naye tezi. Akanigeuza mabega nikatazama nchi kavu. Hakushusha sauti. Ya nini? Akanyoosha kidole mbele za watu wote wale. "Ule mnara wa msikiti, waona? Ukae juu ya lile paa jekundu, usiegemee huku wala huku. Na kule, ile minazi miwili, uione imekuwa mmoja. Babu yako alinionyesha hapa hapa. Umeshika?"

Alama zote nne nilikuwa nimeziona siku zote zile, kila asubuhi nikinywa chai, ukutani kwetu, kati ya uso wake na samaki. Hazikunijia akilini hata mara moja. Nilikuwa namtazama tewa.

"Nimeshika, baba," nikasema.

"Haya. Sasa ni zako."